Tulichoiba kwenye Kaseti ya Mzee Lubinza

Nimeiba mara nyingi katika kazi yangu ya filamu na sijutii hata mara moja. Ninachojutia ni kaseti moja niliyoifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kisha kwa zaidi ya miaka ishirini nikawa nasema imeota ukungu. Nawaandikia ninyi mnaoshika kamera leo hapa Mwanza, mnaoniita mama na kuniletea kazi zenu kwenye simu nizitazame, kwa sababu hamchoki kuniuliza shoti zangu nilizitoa wapi. Mkishasoma mtajua. Baadhi yenu mtanicheka, na mna haki.

Jina langu mnalijua, Editha. Baba alitoka Muleba akaja huku kufundisha, na alitaka niwe muuguzi. Mimi nikaishia kupiga video za harusi. Wakati ule mwanamke mwenye kamera ya video alikuwa wa kutafutwa, maana kwenye kichenpati, pale mashangazi wanapomfunda bibi harusi, mwanamume haingii hata awe na kamera ya dhahabu. Mimi niliingia. Nimesikia mafunzo ya ndoa kuliko kungwi yeyote wa mji huu, na ndoa yangu mwenyewe bado ilinishinda. Hilo tuliache.

Aliyenifundisha filamu ni Mzee Lubinza. Alikuwa Msukuma wa Sengerema, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyofanana na vile vibonyezo vidogo vya mashine. Alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya kuacha kazi. Mwenyewe alieleza kwamba siku moja alikuwa anachora ramani ya ziwa ubaoni, akajikuta anawaambia wanafunzi kamera angeiweka wapi. Akakodi chumba nyuma ya soko kuu, Nyamagana, chenye meza moja, deki mbili za video na televisheni iliyopigwa kibao kila asubuhi ndipo iwake.

Mnapenda kuniuliza alitufundisha kwa kitabu gani. Hapakuwa na kitabu. Alikuwa anaweka filamu yoyote iliyopatikana, ya Kihindi, ya kareti, ya Kinaijeria, halafu anazima sauti kabisa. Anakuonyesha tukio moja mara tatu, anafunika televisheni kwa taulo, anakumwagia vizibo vya soda mezani. Kizibo hiki ni mama mkwe, hiki ni mlango, hiki ni kamera. Vipange kama ulivyoona. Ukikosea anafunua taulo, anarudisha mkanda, mnaanza upya. Ukipatia ndipo anauliza lile swali lililokuwa linatutoa jasho: "Na kwa nini kamera ilikaa pale?"

Mimi nilikuwa najibu, "Kwa sababu panapendeza."

"Sokoni pia panapendeza," anasema. "Rudia."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, najiona fundi, na maswali hayo yalinichosha. Leo ningetoa kitu kikubwa nikae tena kwenye ile meza niulizwe. Nakumbuka harufu ya ile spiriti tuliyosafishia vichwa vya deki kwa kipande cha fulana ya pamba, na namna alivyopuliza kaseti kabla ya kuitumbukiza, ingawa sote tulijua kupuliza hakusaidii kitu. Mashine zenu ni nzuri na sizionei wivu. Ninachokitamani ni kile chumba na watu waliokuwamo.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa mvua. Nilikuwa nimeona kwenye filamu ya Kihindi msichana anaachwa na mchumba, mvua inamnyeshea, nywele zinamganda usoni, ukumbi mzima unalia. Nikasema na mimi nitaifanya. Kulikuwa kiangazi. Nikapanda juu ya bati la nyumba moja Kirumba na keni ya kumwagilia bustani, nikammwagia mwigizaji wangu saa sita mchana. Jua linawaka, nyuma yake nguo za jirani zimeanikwa kavu kabisa, na mbuzi amelala vumbini hana habari. Nilipomwonyesha Mzee Lubinza alitazama hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Huyu ananyeshewa na nani?"

Wenzangu walicheka wiki nzima. Deo, aliyekuwa mwanafunzi mwenzangu, akawa akiniona anafungua mwavuli. Lakini siku ile Mzee alinikalisha akaniambia jambo ambalo nimeishi nalo. Alisema yule msichana wa Kihindi hakulizwa na mvua. Alilizwa na watu wote kukimbilia ndani, akabaki peke yake barabarani. Mvua ilikuwa njia yao ya kuwaondoa watu. "Wewe hapa Kirumba unataka kuwaondoa watu," akasema, "tafuta kinachowaondoa watu wa Kirumba." Nilifikiri siku mbili. Nikarudi na wazo la umeme kukatika wakati kibanda cha video kimejaa, watu wote wanatoka wakinung'unika, msichana anabaki amekaa kwenye benchi mbele ya televisheni iliyozimika. Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu, na mimi nikatembea hadi nyumbani nimelewa bila kunywa.

Hivyo ndivyo alivyotaka tuibe. Na alikuwa na sharti: ukichukua, sema. Yeye mwenyewe alisema waziwazi. Katika filamu yake pekee aliyowahi kuitengeneza kuna shoti ya mlango wa feri ambayo kila mtu aliisifu, naye kila aliposifiwa alijibu, "Ile nimeitoa kwenye treni ya filamu ya Kihindi." Watu walidhani anatania. Hakuwa anatania.

Filamu hiyo iliitwa Kamanga Saa Kumi. Hadithi yake ni fupi. Kijana Maganga anarudi kutoka machimboni baada ya miaka mingi, anakuta mchumba wake ameolewa na kaka yake. Hapigani na mtu. Anakula, anazunguka kijijini, na kesho yake saa kumi anapanda feri kurudi Mwanza. Basi. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilisema hiyo si filamu, hiyo ni safari. Lakini mngeiona.

Ilianza ndani ya feri. Maganga kasimama, sisi tuko mgongoni kwake, na mbele yake ni ule mlango wa chuma wa kushushia magari, umesimama wima, umeziba kila kitu. Chuma tupu, na sauti ya minyororo. Halafu mlango unaanza kulala taratibu na nyumbani kwao kunatokea kuanzia juu: kwanza mbingu, kisha mlima, kisha miti, mabati, na mwisho kabisa watu wanaongoja, naye yule msichana yuko kati yao, anangoja mizigo, hamtazami. Hiyo niliichukua mimi. Katika filamu yangu ya kwanza niliifanya kwa mlango wa ghala la pamba, ule unaolazwa kwa minyororo, na mliniletea sifa nyingi kwa ajili yake.

Kulikuwa na ndugu wawili wanaozungumza jambo lile zito, lakini nyuso zao hatuzioni. Tunaona mikono tu, birika na beseni. Mdogo anamnawisha mkubwa, na mikono imeshatakata lakini anaendelea kumimina. Hiyo aliichukua Deo. Na kulikuwa na Maganga anapanda kwenye mawe, anapotea nyuma ya jiwe kubwa, kamera haimfuati, tunangoja, tunangoja, mpaka anatokea juu kabisa akiwa mdogo kama sisimizi. Hiyo ilichukuliwa na Shija wa Magu, mwenzetu wa tatu pale chumbani, ambaye siku hizi yuko Dar anatengeneza matangazo. Kila mmoja wetu alichukua kwa sababu zake, na tulimwambia Mzee, naye alifurahi.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Wale waliokua na simu hawaijui kaseti, kwa hiyo nieleze. Nyuma ya kaseti ya video kulikuwa na kijipande kidogo cha plastiki. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake, na kazi yako iko salama. Lakini kaseti mpya zilikuwa adimu, na sisi watu wa harusi tulikuwa na ujanja wetu: unabandika solotepu pale palipovunjwa, deki inadanganyika, unarekodi upya. Kaseti zangu zote zilikuwa na solotepu mgongoni. Nilikuwa nazibandika zote kwa pamoja siku ya Ijumaa, kreti nzima, huku nasikiliza redio, ili Jumamosi nisihangaike.

Mzee Lubinza alinipa kaseti mama ya Kamanga Saa Kumi nimtolee nakala, kwa kuwa zilizokuwa kwenye vibanda zilikuwa zimechakaa hadi picha zinaruka. Kijipande alikuwa amekivunja kama inavyotakiwa. Jina alikuwa ameliandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, juu ya karatasi iliyoanza kubanduka. Niliiweka kwenye kreti ili isipotee. Naomba msome tena sentensi hiyo. Niliiweka kwenye kreti ili isipotee.

Jumamosi nilipiga kichenpati ya binti mmoja wa Nyakato. Mashangazi walicheza, walifunda, walicheza tena. Sherehe ilikuwa ndefu kuliko filamu. Jumatatu nilipoweka kaseti kwenye deki ili nihariri, nikaitoa kuangalia kama nimepata ya kwanza au ya pili, nikaona mwandiko wa penseli.

Niliitazama yote, hadi mwisho, nikitumaini kwamba mahali fulani shangazi mmoja ataondoka na Maganga atatokea. Hakutokea. Nakala zile za vibandani nikazitafuta, nikijifanya ni kazi ya kawaida. Moja ilikatika, nyingine ilirekodiwa mpira juu yake, nyingine mwenye kibanda alihama nayo na hakuonekana tena. Ndipo nikaenda kwa Mzee nikamwambia kaseti imeota ukungu. Ilikuwa inaaminika. Unyevu wa ziwa umetuharibia kaseti nyingi, mnaweza kumuuliza mtu yeyote wa rika langu. Alishika kiti, akakaa. Akasema, "Si kosa lako, Editha." Hilo ndilo neno lililonitesa kuliko tusi lolote ambalo angenitukana.

Baada ya hapo hakutengeneza filamu nyingine. Alifunga chumba, akarudi Sengerema. Mimi nikaendelea, nikapata jina kidogo, nikazeeka. Nilimtembelea sikukuu mbili tatu, nikimpelekea sukari na hofu yangu. Hakuiulizia kaseti hata siku moja.

Mwaka huu ndipo yakatokea mambo mawili ndani ya wiki moja.

La kwanza ni Neema, ambaye wengi wenu mnamfahamu, yule binti anayepiga filamu nzima kwa simu. Alikuja nyumbani akanionyesha kazi yake mpya. Mlango wa kontena unafunguka, na mtaa wa Mabatini unatokea kidogokidogo nyuma yake. Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Kwako, mama. Kwenye ile ya ghala la pamba."

"Na mimi unajua nilitoa wapi?"

"Si uliibuni mwenyewe?"

Nikamwambia yote, hata kichenpati, mtu wa kwanza kuyasikia. Alinisikiliza bila kushika simu yake, jambo ambalo kwa umri wenu ni heshima kubwa.

La pili lilikuwa simu ya Tabu, binti yake Mzee Lubinza, anayemtunza. "Shikamoo mama Editha. Baba anaumwa macho. Presha ya macho, wanasema. La kulia limekwisha, la kushoto anaona katikati tu, na hapo katikati panazidi kubana. Anaulizia ile kaseti yake."

"Si alijua iliota ukungu?"

"Anajua. Anasema wewe ni fundi, na mashine za siku hizi zinasafisha. Anasema hata kipande tu. Anataka kuiona kabla jicho halijafunga."

Ni Neema aliyenipa wazo, au tuseme ni Neema aliyenisukuma. Alisema kama filamu imefutwa lakini mliichukua ninyi watatu, si imo kwenu? Tukampigia Shija Dar, akatuma yake siku hiyohiyo. Deo, ambaye sasa anauza mabati Igoma na hajagusa kamera miaka kumi, alituachia uvungu wa kitanda chake wote tupekue. Yake tukaikuta kwenye diski iliyokwaruzika. Tukaunganisha: mlango wangu, mikono ya Deo, mawe ya Shija, na vipande vingine vidogo vya watu waliochukua kwetu. Dakika kumi na moja. Mimi niliyepanga ndiye niliyekumbuka mfuatano, na nilivyokuwa napanga nililia, kwa sababu kwa mbali ilikuwa inafanana nayo.

Sasa mniambie, ningemwambia nini? Nilikuwa na njia mbili. Ningesema hivi ndivyo vipande vilivyookolewa, naye jicho lake ni bovu, pengine angeamini na kufurahi. Au ningesema ukweli, mzee wa umri ule aende nao kaburini. Tulivuka na feri ya Kamanga, ingawa wengi siku hizi wanaona heri kupita darajani, na Neema aliniuliza tukiwa majini, "Utamwambia, mama?" Nikamjibu nitaona. Hilo ni jibu la mtu aliyekwisha kuamua kudanganya.

Mzee Lubinza alikuwa amekaa sebuleni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Tabu alisema amelivaa tangu asubuhi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Editha, umekonda au jicho langu?"

"Jicho lako, Mzee."

"Basi vizuri." Neema akamwamkia, akapokewa, akaulizwa ni mtoto wa nani na ukoo gani hadi Mzee aliporidhika. Kisha akasema, "Haya. Weka."

Tukaweka laptopu kwenye stuli karibu kabisa na uso wake, kidogo upande wa kushoto. Aligeuza kichwa akatafuta picha kwa lile tundu lililobaki. Nikabonyeza. Chuma. Minyororo. Mlango ukaanza kulala, mbingu ikatokea, na mimi nikawa natazama uso wake, sitazami kioo.

Alikunja uso. "Simamisha."

Nikasimamisha.

"Hii si yangu. Mlango wangu ulikwama."

Nilikuwa nimesahau. Ule mlango ulikwama katikati, kwa muda mfupi tu, mlima ukionekana nusu, kisha ukaendelea. Kila mtu alimwambia apige upya, naye akakataa, akasema Maganga pia alikuwa anasita. Nilipoiiba niliirekebisha. Nilidhani naiboresha.

Neema alinitazama. Tabu alikuwa anamenya machungwa, akaacha.

Nikapiga magoti. Mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kwenye sakafu ya saruji ya Sengerema. Nikamwambia kaseti haikuota ukungu. Nikamweleza solotepu, kreti, Ijumaa, redio, Nyakato. Nilieleza vibaya, narudia, naruka. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa bado amegeukia laptopu.

"Kichenpati ya nani?" akauliza.

"Binti mmoja. Jina nimelisahau, Mzee."

"Umenifutia filamu kwa mtu usiyemjua jina."

"Ndiyo, Mzee."

Sikuthubutu kuinuka. Nje jogoo aliwika saa isiyo yake, na Tabu akaanza kulia taratibu, nikajua analia kwa ajili ya baba yake wala si kwa ajili yangu. Hatimaye Mzee akasema, "Ningekufukuza siku ile. Ungekwenda kuwa muuguzi. Leo jicho lenyewe halinitoshi hata kukukasirikia. Endelea, nione hao wengine walichukua nini."

Hakusema amenisamehe. Wanangu, sitawaongezea chumvi. Hakusema.

Nikabonyeza. Ikaja mikono ya Deo, birika, beseni. Alisogea mbele. "Amekata maji mapema," akasema. "Maji yaende mpaka anayetazama aone aibu. Mwambie Deo."

"Deo anauza mabati siku hizi, Mzee."

"Mwambie hivyohivyo."

Yakaja mawe. Maganga wa Shija akapotea nyuma ya jiwe. Mzee alinyoosha kidole hewani, akakiacha kimesimama, akingoja pamoja na kamera. Mtu akatokea juu kabisa. "Huyu amengoja," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Shija huyu? Kumbe alikuwa anasikiliza." Akaomba arudishiwe. Nikamrudishia mara tatu. Akamuuliza Neema kamera ilikaa pale kwa nini, Neema akajibu vizuri kuliko nilivyowahi kujibu mimi, na kwa dakika chache tulikuwa Nyamagana tena, nyuma ya soko, na sikutaka zipite.

Zikaisha zile dakika kumi na moja. Alingoja. Kioo kilikuwa cheusi na bado alikuwa amekiinamia.

"Na mayu?" akauliza.

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Katika Kamanga Saa Kumi kulikuwa na bibi kizee aliyekaa mlangoni na ungo, anachambua choroko, wakati Maganga anapita nyuma yake. Alikuwa mama mzazi wa Mzee Lubinza. Alifariki muda mfupi baada ya upigaji ule. Hakuwa na picha nyingine yoyote duniani, hata ya kitambulisho.

"Hiyo hayupo aliyeichukua, Mzee," nikasema.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Ninyi mnaoniuliza mchague nini kwa wakubwa wenu, lisikieni swali hilo. Tulichukua mlango, maji na mawe kwa sababu vilionekana ni ufundi. Mama anachambua choroko, nani aichukue? Nikamwambia ukweli, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshaanza. "Hatukuona kitu pale."

"Hata mimi sikuona," akasema. "Nilitaka kuikata. Alikuwa anaitazama kamera. Kila nikirudia, anainua kichwa ananitazama. Nikamwambia, mayu, usinitazame. Akasema, nimtazame nani sasa? Mwishowe nikaiacha hivyohivyo kwa sababu jua lilikuwa linatuacha." Akapangusa jicho zima na lile lililokufa pia. "Miaka yote hii sikulia kwa ajili ya filamu, Editha. Nilikuwa nataka kumwona akiinua kichwa."

Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unanishikia ubao wa mwanga. Alipoinua kichwa alikuwaje?"

Ndiyo, nilikuwepo. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa yule bibi, nimeshika ubao tuliougundisha karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara, nairudisha nuru ya jua usoni mwake. Na wakati wote nilikuwa natazama ile nuru isihame, kama nilivyofundishwa. Uso wake sikuutazama. Nilitafuta macho yake kichwani mwangu, sikuyapata. Nilitafuta mdomo, sikuupata. Ningeweza kumtungia sura nzima, na angeipokea. Nilikuwa nimemdanganya kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Nilikuwa namulika shavu la kushoto, Mzee," nikasema. "Hilo ndilo ninalolikumbuka. Lingine sina."

"Sema hilo."

"Lilikuwa na vumbi la choroko. Hapa, chini ya jicho. Lilikuwa limebonyea, na alipoinua kichwa lilijaa, kama mtu anayetaka kucheka lakini ameambiwa asicheke."

Mzee Lubinza alifumba macho yote mawili.

"Rudisha," akasema.

Nikalisema tena shavu la mama yake, kuanzia kwenye vumbi.